Fundi Asiyetaka Bastola Safi

Saa moja na robo asubuhi, kahawa haijaiva bado, Arlis Stamper anainusa bastola ya mteja wake wa kwanza kama mtu anayenusa maziwa yaliyolala. Ameshahakikisha haina risasi. Haiangalii tena. Anaweka pua kwenye uwazi ule maganda yanapotokea, anavuta pumzi mara moja, anairudisha mezani.

"Umeisafisha, Hobart."

"Nimeifuta kidogo tu."

"Umeisafisha, ukaitia mafuta, ukaisugua na mswaki. Na mswaki wenyewe ni wa mkeo, maana ina harufu ya mnanaa."

Mzee Hobart anacheka mpaka anakohoa. Amekuja kulalamika kwamba bastola yake mpya inakwama, na sasa ameketi mbele ya fundi kama mwanafunzi aliyefuta ubao kabla mwalimu hajausoma.

"Sasa mimi nitaona nini?" Arlis anamwambia. "Umemwogesha mgonjwa, umemvika suti, ndiyo unamleta hospitali. Irudishe mfukoni. Nenda nayo kwenye kuku, nenda nayo kanisani, ikae huko wiki mbili. Usiiguse na kitambaa. Halafu ndiyo uje."

Hivyo ndivyo anavyofanya kazi Arlis, mwenye umri wa miaka sitini na mmoja, fundi bunduki katika duka la Virgil Napier hapa Caney Gap, milimani Kentucky. Mafundi wengine hukataa silaha chafu. Yeye hukataa safi.

Na ugonjwa wa watu wa milima hii ni huo huo. Ni watu wa heshima. Mwanamke hapa hufagia nyumba kabla ya jirani wa kumsaidia kufagia hajafika. Mwanamume huosha gari ndipo alipeleke kwa fundi. Hakuna anayetaka kumpelekea mwenzake kitu kichafu, kwa hiyo bastola ikimkwamia, jambo la kwanza anaifungua, anaisugua, anaipaka mafuta. Ushahidi wote unaishia kwenye kitambaa, na kitambaa kinatupwa jaani.

"Viwandani wanalijua hilo," anasema Arlis. "Wanategemea heshima yetu."

Mwaka huu ametokwa na jasho kuliko miaka yote kumi na miwili aliyokaa kwenye meza hii. Sababu ni bastola moja ndogo iliyotoka Januari, yenye upana usiozidi wa kiganja cha mwanamke. Hapa wameibatiza Kiberiti. Ilitangazwa kwa kelele: nyepesi kuliko zote, fupi kuliko zote, inaingia risasi kumi, bei dola mia nne na themanini. Kabla haijafika madukani, mabwana wa kwenye mtandao walikuwa wameshapewa za kwao bure, zimechaguliwa moja moja, wakazipiga mbele ya kamera huku wakitabasamu. Watu wakanunua.

Kisha zikaanza kukwama.

"Bastola kubwa ina nafasi," Arlis anaeleza, akiichezesha ile sehemu ya juu inayorudi nyuma kila risasi inapotoka. "Inarudi taratibu, ganda linapata muda wa kuruka nje, risasi mpya inapata muda wa kupanda. Ukiifupisha hivi, kila kitu kinakimbia. Springi lazima iwe ngumu. Ikizidi kidogo, imeharibu. Ikipungua kidogo, imeharibu. Bastola kubwa inakusamehe. Hii ndogo haisamehi kitu, kwa hiyo inataka mtu wa kuijaribu kwa subira kabla ya kuiuza. Subira ndiyo wamekosa."

Wamekosa kwa sababu Januari kuna maonyesho makubwa ya silaha, na wakubwa wa kiwanda hawawezi kwenda kwenye maonyesho mikono mitupu. Basi kazi ya kujaribu wamemwachia mnunuzi. Ukifungua kitabu cha maelezo utakuta imeandikwa kwamba bastola itakuwa tayari baada ya risasi mia mbili za kuizoesha. Risasi hizo ananunua nani? Si wao.

Arlis hakujifunza hasira hii dukani. Miaka ishirini na sita alitengeneza mikanda ya kubebea makaa chini ya mlima. Anakumbuka jinsi mkaguzi alivyokuwa hafiki ila simu imeshatangulia. Vijana walikuwa wakiamriwa kumwaga unga mweupe wa mawe juu ya vumbi la makaa, taa mbovu zinabadilishwa, mashine inayopiga kelele inazimwa siku hiyo. Mkaguzi anapita, anatia saini, anaondoka. Vumbi lile jeusi sasa liko mapafuni mwa nusu ya wanaume wa bonde hili. Mgodi ulipofungwa, wenye mgodi waliondoka na mfuko wa pensheni, na Arlis akapata barua ya kurasa mbili ya kumshukuru. Leo analipwa dola kumi na tisa kwa saa na anashukuru kuzipata.

"Nilitia saini vitu vingi nikiwa kule chini," anasema. "Nilikuwa na watoto wa kulisha. Sasa wamekua."

Anachotia saini siku hizi ni kadi ya njano, ndogo kama karata ya kuchezea. Arlis huiweka ndani ya kila boksi la bastola anayoiamini, na juu yake huandika kwa mkono maneno mawili tu: *Imebebwa. Imepigwa.* Bila kadi hiyo, mtu wa Caney Gap hanunui kwa Virgil. Atauliza bei, ataishika, atairudisha.

Ndiyo maana Jumamosi hii ya Mei si Jumamosi ya kawaida. Stoo ya Virgil Napier ina Kiberiti arobaini zisizo na kadi. Ijumaa jioni Virgil alisimama mbele ya meza ya fundi wake akiwa na furushi la kadi tupu.

"Kesho mtu wa kiwanda anakuja na meza yake na kofia za bure," alimwambia. "Nataka hizi ziwe zimesainiwa. Sikuombi, Arlis. Usiposaini, Jumatatu usijisumbue kuja."

"Nikisaini, Geneva nitamwambia nini?"

Virgil aligeuka kuzima taa za duka. Geneva ni binamu yake upande wa mama.

Geneva Holbrook ana miaka hamsini na minne, kimo cha mtoto wa darasa la sita, na kazi yake ni kuuguza wagonjwa majumbani. Anaendesha gari peke yake mpaka nyumba za mwisho kabisa, kule barabara inapokuwa mkondo wa maji, akiwa amebeba dawa kali za maumivu ambazo watu wengine wangemwua mama yao wazipate. Alinunua Kiberiti Januari hiyo hiyo, kupitia duka la mjini, kwa sababu aliiona kwenye mtandao na iliingia mfukoni mwa koti lake la kazi.

Februari, nyumbani kwa mgonjwa mmoja, mbwa watatu wa jirani walimkuta kati ya gari na ngazi. Alipiga risasi moja ardhini. Mbwa wawili walikimbia. Wa tatu alikuja. Geneva akavuta kifyatulio tena, na hakikutoka kitu. Ganda la kwanza lilikuwa limesimama wima kwenye uwazi wake kama bomba la moshi. Mkono wake wa kushoto una kovu kutoka kiwiko mpaka karibu na pale anapovaa saa.

Aliirudisha bastola kiwandani mara mbili. Mara mbili ilirudi imeng'aa, na karatasi: *Hakuna kasoro iliyoonekana. Mteja aelekezwe namna sahihi ya kushika.*

"Mbwa alinielekeza vya kutosha," anasema Geneva.

Tangu siku hiyo anazunguka bila kitu, na amekataa nyumba nne za mbali. Katika nyumba hizo nne kuna watu wanaosubiri kugeuzwa kitandani. Wiki tatu zilizopita Arlis alimwomba aibebe tena, si kwa kujilinda, bali kwa kuchafua. Mfukoni, kila siku, na vumbi na vitambaa vya karatasi na unga wa glavu. Asiifungue.

Saa nne kamili gari la kiwanda linaingia. Anashuka Trent Mabry, kijana wa miaka thelathini na kitu, shati limenyooshwa, mikono minene kama ya mcheza mieleka. Anapanga kofia. Watu kama ishirini na watano wamejaa kwenye kiwanja cha shabaha nyuma ya duka, kila mmoja ameziba masikio na kuvaa miwani. Oma Jean, mke wa Arlis, amekuja na sufuria ya maharage na mkate wa mahindi, na neno lake la kwanza ni kumkaripia mumewe kwa kuvaa shati lile lile la jana.

"Unataka mtu wa mbali aone kwamba mimi sifui?"

Arlis anavumilia. Kuna wanaume ambao wangetoa nyumba na shamba ili wakaripiwe hivyo mara moja tu tena.

Trent anafungua boksi jipya na kupiga risasi kumi. Zote zinatoka, na karatasi ya shabaha inabaki na tundu moja kubwa. Anajaza magazini, anapiga kumi nyingine. Safi. Watu wanaguna kwa kuridhika. Virgil anamtazama Arlis, kisha anatazama zile kadi za njano.

"Nzuri," anasema Arlis, sauti haijapanda wala kushuka. "Sasa mpe Geneva hiyo hiyo. Na risasi zenye tundu kwenye ncha, zile watu wanazotembea nazo. Hizo zako za ncha ya mviringo ni za kuchezea."

Geneva anasogea, anashika kwa mikono miwili kama alivyofundishwa. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Ya tano inakwama nusu njia.

Trent anatabasamu kwa upole, na upole wenyewe ndio unaoudhi. "Ni mkono, mama. Ukishika legevu, bastola haipati pa kuegemea. Wanawake wengi huwa..."

"Mwanangu," Geneva anamkatiza, "mikono hii inageuza mwanamume wa kilo mia na thelathini kitandani mara tatu kwa siku, na anapiga mateke. Usinisomee habari ya ulegevu."

Kicheko kinapasuka. Mzee Hobart, ambaye hajaenda nyumbani, anapiga paja. "Mwache akugeuze na wewe, kijana!"

Arlis hacheki. Anafungua mfuko wa karatasi, anatoa Kiberiti ya Geneva yenyewe, ile ya mbwa. Nyuzi za koti zimeota pembeni kama ukungu.

"Basi tuuache mkono wake," anasema. "Tumia wako. Kumi tu."

Trent anaipokea, na hapo hapo, bila kuwaza, mkono wake wa kulia unaingia mfuko wa nyuma na kutoka na kitambaa cha mafuta. Anaanza kuifuta.

"Weka hicho kitambaa."

"Samahani, mzee. Ni mazoea."

"Najua. Na kule kiwandani, ikirudi ya mteja, mnafanya nini kwanza?"

Trent anakitazama kitambaa kilicho mkononi mwake. Kila mtu pale ana jibu, kwa sababu kila mtu pale ameshafanya vile vile kwenye meza yake ya jikoni. Mzee Hobart anatazama viatu vyake.

Kitambaa kinawekwa mezani. Trent anajipanga, miguu imara, mikono yake ya mieleka imeikaba bastola mpaka vidole vimekuwa vyeupe. Moja. Mbili. Ya tatu inatoka, lakini ganda lake linasimama wima kama bomba la moshi. Analitoa, anaanza upya. Moja. Inakwama.

Hakuna anayecheka sasa.

"Lakini ni chafu hii," anasema Trent, na sauti yake imepungua. "Hakuna bastola inayoweza..."

"Oma Jean," Arlis anaita bila kugeuka, "lete ya kwako."

Oma Jean anaweka mwiko, anatia mkono kwenye mkoba wake, anatoa bastola kuukuu, fupi, ambayo weusi wake umeshalika. "Ina makombo ya biskuti," anaonya. "Haijafutwa tangu Krismasi. Na usinitazame hivyo, Arlis Stamper, wewe ndiye uliyenikataza."

Geneva anaipiga. Kumi zinatoka bila kukohoa. Anaipokea Trent, anapiga kumi nyingine. Zinatoka. Chembe za biskuti zinaonekana zikiruka kwenye mwanga.

"Bastola ya kubeba hubebwa," anasema Arlis kwa watu wote, bila kelele. "Haiishi sebuleni. Kama inafanya kazi ikiwa imetoka kuoga tu, si ya kubeba hiyo. Mimi siandiki jina langu hapo."

Watu wanamgeukia Virgil Napier. Mwenye duka huyu si mtu mbaya. Ana mkopo benki, na ana wakubwa wa kiwanda ambao wakikasirika watapeleka mzigo wao kwa duka la mjini. Anazipindapinda zile kadi tupu. Kisha anauliza kitu ambacho hakuna aliyekitarajia.

"Arlis, ile niliyompa Kendra wangu alipoanza chuo Januari. Ni hii hii?"

"Ni hii hii. Nilikwambia mwezi wa tatu."

"Uliniambia," anakubali Virgil. Anazitia kadi mfukoni, anaingia dukani, na watu wanamwona kupitia dirishani akishusha moja moja maboksi aliyoyapanga rafuni asubuhi na kuyarudisha stoo kwa mikono yake. Baadaye anatoka na simu sikioni, anamwambia binti yake asiibebe tena mpaka yeye mwenyewe aende kuichukua Jumapili. Jumatatu Arlis alikwenda kazini saa moja kama kawaida, akakuta Virgil ameshampikia kahawa.

Trent Mabry alikunja meza yake mapema. Alipokuwa akipakia, Geneva alimpelekea sahani ya maharage, maana mtu hawezi kuondoka Caney Gap na njaa hata awe amekukosea. Alikula akiwa amesimama. Kisha akasema, akitazama sahani, "Tuliandika ripoti Novemba. Watu wa karakana, watano. Tuliomba miezi minne zaidi. Walituambia tarehe ya maonyesho haibadiliki."

"Nani aliwaambia?" Geneva aliuliza.

"Wa juu."

Wa juu. Mgodini walikuwa wa juu, na kiwandani wako hao hao, na jina lao halijawahi kuandikwa kwenye karatasi yoyote inayofika chini. Hawa hawajawahi kubeba kitu mfukoni ila simu na funguo za gari. Mbwa hawamjui hata mmoja wao.

Trent, na asifiwe kwa hilo, alirudi kiwandani na ripoti mpya, picha, na video aliyoirekodi mzee Hobart huku kidole chake kikiziba nusu ya kioo. Mwishoni mwa Julai barua ikaja madukani kote. Haikusema kasoro. Ilisema *maboresho ya hiari kwa ajili ya kuongeza furaha ya mteja*: springi mpya, na kipande kipya cha kutolea maganda, bure. Arlis aliisoma kwa sauti mbele ya wateja, akafika kwenye neno furaha, akavua miwani kuifuta.

"Tafuta neno samahani humo," alimwambia Geneva. "Macho yako ni mazuri kuliko yangu."

Geneva alilitafuta kurasa zote mbili. Halikuwemo. Wala halikuwemo jina la mtu.

Lakini springi zilikuwa nzuri. Hilo Arlis analisema waziwazi, hana sababu ya kuficha. Alizitia kwenye Kiberiti zote arobaini, na ya Kendra, na ya Hobart. Hakusaini hapo hapo. Alimpa Geneva moja. Aliibeba siku kumi na saba, akaipiga risasi mia mbili kwa mikono yake midogo, na haikukwama hata mara moja. Agosti alirudi kwenye zile nyumba nne. Kadi zikaandikwa, na chini ya saini ya Arlis sasa kuna nafasi ya saini ya pili, ya mbebaji. Ni wazo la Virgil.

Sasa kila Alhamisi baada ya kazi, nyuma ya duka, kuna kikundi cha watu sita: Geneva na mdogo wake, mwalimu mmoja mstaafu, wapishi wawili wa shule, na mzee Hobart, ambaye vidole vyake vimepinda kwa baridi yabisi na kwa hiyo ana thamani kubwa. Kila bastola mpya inayoingia bondeni hupitia mifukoni mwao kwanza. Hadi Oktoba wamejaribu aina saba. Mbili zimekosa kadi. Maduka matatu ya wilaya za jirani yameshapiga simu kuuliza kama kadi za njano zinauzwa.

"Haziuzwi," Arlis aliwajibu. "Leteni watu wenu wawili, tutawafundisha kuchafua."

Ana mpango wa kuifundisha kazi hii kwa miaka mitano ijayo, kisha akae nyumbani akaripiwe mchana kutwa. Ukimwuliza angependa kuona nini kabla ya hapo, hasiti hata kidogo.

"Nataka siku moja, kabla hawajapanga bei, kabla hawajachapa kofia, mkubwa wa kiwanda ainue simu yeye mwenyewe," anasema, akimnyooshea kidole Geneva aliye mlangoni anavaa koti la kazi. "Asinipigie mimi. Ampigie yule. Amwulize, mama, unaonaje, tuitoe au bado? Na yeye akisema bado, waisubiri."

"Na watasubiri," anasema Geneva, akifunga vifungo. "Mimi nina wagonjwa."